Wimbo wa Kisimani kwenye Mto wa Norwei

Garissa yote hii, mwenye leseni ya kuongoza boti ya mpira kwenye maporomoko ya Norwei ni mmoja tu, nami ndiye. Leo nimerudi, nafundisha vijana uokoaji kwenye mto Tana, na wanapouliza nilijifunzia wapi, huwa siwafichi.

Nilikwenda kule na diploma ya utalii niliyoisomea Nairobi bila kushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nilianzia jikoni, nikiosha sufuria katika kambi iliyo kando ya mto. Mto wenyewe unatoka kwenye theluji ya milimani, maji ya kijani, baridi inayoingia mpaka kwenye meno, na kila yanapokutana na jiwe, povu linaruka kama maziwa ya ngamia yanayokamuliwa kwa haraka. Wageni hulipa ili wapigwe na maji hayo. Siku ya kwanza nilicheka sana. Kiangazi kilichofuata nilikuwa nimeketi nyuma ya boti, kafi mkononi, najifunza kuongoza.

Mtihani wa kwanza wa leseni nilianguka. Wageni wangu walipiga maji kila mtu kwa wakati wake, boti ikageuka ubavu, ikapanda juu ya mwamba na kukaa hapo. Mkuu wa waongozaji, Mnorwei mrefu mwenye ndevu nyekundu, akaniambia, "Umebakiwa na nafasi moja. Ukishindwa tena, unarudi jikoni."

"Jikoni sirudi."

"Sufuria zitahuzunika," akasema, wala hakutabasamu.

Siku ya mtihani wa pili aliketi mbele, akinitazama mimi badala ya mto. Abiria wangu walikuwa walimu wa shule moja, watu waliozoea kutoa amri, si kupokea. Nikipiga kelele "Mbele!", mmoja anapiga, mwingine anamwelekeza mwenzake jinsi ya kushika kafi. Na mwamba ule ule ulikuwa unakuja.

Hapo ndipo uliponitoka kooni wimbo wa kunyweshea ngamia. Kwetu Wajir, upande wa Tarbaj, wanaume husimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo mpaka kwenye hori. Hakuna anayeamuru. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na mikono inafuata sauti. Ukichelewa, unammwagia mwenzako maji kichwani, na atakutukana ukoo mzima.

"Hoobey!" nikaita. "Itikieni!"

"Hilo ni neno gani?" mwalimu mmoja akauliza.

"La kupiga kafi! Itikia, mwalimu, piga!"

Wakaitikia. Makafi yote yakazama kwa pamoja, yakatoka kwa pamoja. Nikaita tena, wakaitikia kwa nguvu zaidi. Boti ikaporomoka, wimbi likatufunika mpaka nikameza maji, na tulipoibuka mwamba ulikuwa nyuma yetu.

Kwenye maji matulivu mkuu alikamua ndevu zake.

"Amri hiyo haimo kwenye kitabu chetu."

"Basi iongezeni."

Akanipa mkono. "Leseni nitaitia sahihi leo. Lakini wafundishe wimbo wote, naona hawataki kushuka botini."

Jioni nikampigia mama simu.

"Hooyo, nimefaulu mtihani!"

"Masha Allah! Wa nini?"

"Wa kupitisha watu kwenye maji makali."

"Wanavuka kwenda wapi?"

"Hawavuki, hooyo. Wanashuka na mto, gari linawarudisha juu, wanashuka tena."

"Hao watu ni wazima?"

"Wazima kabisa. Tena ni walimu."

"Na mkubwa wao ni wewe?"

"Ni mimi."

"Alhamdulillahi. Waambie wavae nguo nzito, wasipate homa." Akakata simu ili awapigie dada zake. Haikupita wiki, Wajir nzima ilikuwa na habari kwamba mto mmoja wa Ulaya uko chini ya kijana wao. Sikumsahihisha mtu.