Supu Mbili za Taslim

Imas alikuwa keshainjika sufuria, mvua ya mji wa Bogor ikipiga bati kama kawaida yake, pale mama mkwe alipoingia jikoni na kikapu cha kamba wabichi wa baharini.

Ilikuwa siku ya saba tangu mumewe Taslim afe kwa ajali ya pikipiki. Jioni watu wangekuja kumsomea, na baada ya dua wangekula chakula alichokipenda marehemu. Imas alikuwa akimpikia cha kwao Bogor: tambi katika supu ya ng'ombe, kabichi, nyanya, na ndimu ya kukamulia juu.

"Zima hiyo," akasema Mama Rohaya, ambaye alikuwa ametoka Palembang. "Mwanangu alikuwa mtu wa tambi za kwetu, za kamba na tui zito. Hayo maji ya kabichi wape wagonjwa."

"Mama, haya maji ndiyo aliyoyala miaka yote ya ndoa."

"Kakuoa, angefanyaje? Kwangu kila Idi anamaliza mabakuli mawili! Haya niambie, kwako aliwahi kuomba la pili?"

Jamani, aliomba hata la tatu. Na kwa mama yake, kila Idi, Taslim alimeza kidonge kabla ya kuingia mlangoni, kwa sababu kamba walimvimbisha mwili. Njia nzima ya kurudi alijikuna, Imas akimpaka mafuta. "Usimwambie Mama," alikuwa akimsihi. "Anajua kunipenda kwa hiyo supu tu."

Imas akamtazama yule mama. Macho mekundu, vidole vinamenya kamba harakaharaka, kama vile kuna mtu yuko njiani anakuja na njaa.

"Hapana, Mama. Hakuwahi."

"Unaona!" Mama Rohaya akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kiwiko.

Imas akaiepua sufuria yake, akaisogeza kando. Lilikuwa jambo la mwisho alilobaki nalo la kumfanyia mumewe. Akachukua nazi, akaanza kukuna.

Jioni, baada ya dua, jirani mmoja akalamba kijiko. "Kumbe hiki ndicho alichokipenda! Mbona hatukuwahi kukionja hapa kwako, Imas? Ulikuwa unatunyima, eh?"

Mama Rohaya akainua uso, akangoja.

"Mimi sikiwezi," akasema Imas. "Alikipenda cha mama yake tu."

Akaenda kuongeza bakuli.