Mzee Nguma Hajambo

Mzee Nguma wa Mtongwe ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hajawahi kukiri kwamba anaumwa. Ukimjulia hali akiwa kitandani hoi, atakujibu salama, kisha atakuuliza hali yako wewe uliyesimama. Huku kwetu hiyo ndiyo adabu. Kulalamika tumewaachia watu wa bara.

Ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika mkono wa kulia, alisema ni baridi. Mombasa, mwezi wa Februari. Kola zilipoanza kwenda upande, wazazi walizipokea wakasema, "Zimependeza, Mzee," kisha vitambaa vilivyofuata wakampelekea Boga, fundi wa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemwambia neno. Sote tuna adabu.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji, akatiwa nyaya mbili nyembamba ubongoni na kidude kidogo chini ya ngozi ya kifua. Kidude hicho husikiliza ubongo wakati wote na kuweka kumbukumbu. Kikisikia dalili za mtetemo huongeza umeme, zikitulia hupunguza. Kinajiendesha chenyewe, ila hakivuki kiwango cha juu alichokiweka daktari, naye daktari hukipandisha polepole kwa kumsikiliza mgonjwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila baada ya wiki mbili Daktari Lynnette, mzaliwa wa Kakamega, alipiga simu.

"Mkono unaendeleaje, Mzee?"

"Hatujambo, namshukuru Mungu. Kwako hawajambo?"

"Hawajambo. Kwa hivyo nisiongeze umeme?"

"Uongeze wa nini, Daktari? Mimi mzima kabisa."

Simu ameishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukalia.

Desemba ilimkuta na oda moja tu, sare arobaini za chekechea ya Bi Jalila. Zisipokuwa tayari shule ikifunguliwa, alisema Bi Jalila, naye ataenda kwa Boga. Gladys, mkewe Mzee Nguma, akamkokota hadi kliniki.

Daktari Lynnette alisoma kumbukumbu za miezi mitatu kwenye skrini.

"Mzee, hiki kidude kimefika mwisho wa kiwango tangu asubuhi hadi usiku, kila siku. Kinataka kuongeza, hakina ruhusa. Wewe uliniambia nini?"

"Nilikwambia sijambo."

"Na chenyewe kinasemaje?"

"Hicho hakikufunzwa adabu."

Gladys alicheka hadi akashika meza.

"Sasa sikiliza," Daktari Lynnette alisema. "Nikipandisha, ulimi unaweza kuwa mzito. Nikikuuliza, utasema hujambo. Siwezi kumtibu mtu kama huyo. Mkono unaendeleaje?"

"Si mbaya sa—"

"Mzee."

Aliutazama mlango, asije akaingia mtu wa Mtongwe.

"Siwezi kukata kitambaa," alisema. "Hata vifungo vya shati, ananifunga Gladys."

Daktari akapandisha, akiuliza kila hatua, naye akajibu kwa aibu ya mtu anayevuliwa nguo: ulimi mwepesi, vidole vinachoma kidogo, hapo basi. Mkono ukatulia.

Sare zilikamilika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Lakini siku ile ya kliniki, waliposhuka feri, alimshika mkewe kiwiko.

"Mama Dorcas, ukiulizwa, tulienda mjini kusalimia watu."

"Mimi nitanyamaza," Gladys alisema. "Mwonye huyo wa kifuani."