Firigisi ya Mgeni

Waarabu wa Maskati walituita sote tuliorudi kutoka Afrika Mashariki Wazinjibari, hata sisi ambao Unguja tuliiona kwenye ramani tu. Kwetu ni Tabora. Babu aliondoka Oman akaenda kufanya biashara huko, nasi wajukuu tukarudi na pasi mpya na Kiswahili cha bara. Tukadhani tutaringiwa na Waarabu. Walioturingia hasa ni Wazinjibari wenyewe, waliotamka "watu wa bara" kwa sauti ile ile ya kutaja mende.

Nami nikampenda mmoja wao. Katikati ya miaka ya tisini tulifanya kazi jengo moja pale Al Khuwair, mimi ghorofa ya pili, yeye ya tatu, na kwa mwaka mzima alikuwa akishuka ngazi kuja kuomba mafaili asiyoyahitaji. Nilimtaka, nasema wazi. Aliponiambia mama yake na shangazi yake watakuja kwetu Ijumaa kuniangalia, nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Mama yangu alihangaika wiki nzima. Kuku wa barafu aliwakataa katakata. Alikwenda mpaka soko la Seeb akarudi na majogoo watatu hai, akawachinjisha, akapika pilau. Firigisi moja, ile kubwa kuliko zote, aliikaanga peke yake kwa ndimu na pilipili manga. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa, na mgeni mzito akija, baba alimwachia. Sasa baba alikuwa ameshafariki, na mgeni mzito wa siku hiyo alikuwa mama wa mwanamume niliyemtaka.

Wakaja kutoka kwao, mtaa wa Hail, wananukia udi kuanzia kwenye ngazi. Tuliketi chini, sinia la pilau katikati. Mama akampelekea yule mama kisahani chake peke yake, kwa mikono miwili, kimefunikwa kitambaa. Mgeni akafunua, akatazama.

"Nini hichi?"

"Firigisi, dada. Ya mgeni."

"Wenzangu wanakula nyama, mie nnaletewa utumbo?"

Nikadakia. "Kwetu hiyo ndiyo heshima, bi mkubwa. Hapewi kila mtu."

"Kwenu," alisema, akakisukuma kisahani kwa kidole kimoja mpaka kikagusa goti la mama.

Shangazi mtu akacheka ndani ya mtandio. "Ya Rabbi, watu wa bara wana mambo!"

Wakanawa mikono. Pilau walikuwa wameidonoa tu, na kahawa hawakuingoja. Mama aliwasindikiza mpaka chini, bado anawashukuru kwa kuja, na mimi juu dirishani nikawaombea gari liwazimikie juani.

Jumamosi kazini mwenzangu wa ghorofa ya tatu alishuka ngazi bila faili lolote.

"Mama kaudhika sana," alisema. "Mwambie mama yako aje Hail amuombe radhi. Khalas, yaishe."

Nilimuuliza kama na yeye anaona mama yangu amekosa.

"Si suala la kuona," alijibu, akiangalia viatu vyake.

Nilimchukia pale pale, na bado nilimtaka. Hilo la pili ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, nikitegemea atawaka. Mama yangu alikuwa hodari wa kuwaka. Wauza samaki wa Seeb walimjua. Badala yake aliingia chumbani, akatoka amevaa buibui, mkoba mkononi.

"Nipeleke Hail," alisema. "Radhi ni maneno tu, mwanangu. Nitayasema."

Hasira yote niliyokuwa nayo kwa wale wanawake wawili, na kwa mtoto wao asiye na mdomo, ikamshukia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yangu.

"Umeshaniharibia," nikamwambia. "Sasa unataka kwenda kuniaibisha na huko? Kaa."

Akakaa. Hakuvua buibui, aliweka mkoba mapajani, akangoja, huenda nikabadili mawazo. Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango.

Hail hatukwenda. Na radhi ambayo mama alikuwa tayari kumwomba mtu asiyeistahili, mimi sikumwomba yeye mpaka tukamzika.