Mabenchi Ishirini ya Benki

Mwishehe wa Keko alikuwa seremala kwa miaka thelathini, na alichotengeneza kuliko vyote ni benchi. Benchi refu la mninga, lenye egemeo, ambalo wateja wa benki walilikalia kutwa wakisubiri kuitwa. Benki hiyo ilikuwa mteja wake tangu enzi za foleni za sukari, na meneja wa zamani hakuwahi kumwandikia hata kikaratasi. Alikuwa akipita Keko, anashusha kioo cha gari, anasema, "Fundi, ishirini," basi. Kwa Mwishehe neno la mkubwa lilitosha. Kudai maandishi kungekuwa kumvunjia mtu heshima.

Mwaka 1993 meneja alisema ishirini, kisha akastaafishwa. Mwishehe akaendelea kuranda. Mbao zake zote na akiba ya mkewe, Mauwa, viliishia humo. Akachonga herufi za benki kwenye kila egemeo kama kawaida yake, akakodi lori, akapeleka.

Meneja mpya, Projestus, mtu wa Bukoba aliyetoka masomoni Ulaya, alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mabenchi yenu hayo."

Projestus alipapasa mbao. "Kazi nzuri. Lakini mimi sinunui benchi. Mteja akikaa, ujue sisi tumelala. Nchi hii imekwamishwa na kukaa, mzee. Tunakaa vijiweni, tunakaa misibani siku tatu, kazi zimesimama. Soko huria halimsubiri aliyekaa. Halafu, hiyo oda iko wapi kwa maandishi?"

Haikuwapo. Lori likageuza.

Iliuma, tusidanganyane. Wiki mbili Mwishehe alikaa juu ya benchi lake mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule bwana hakukosea kitu. Mwishehe alishawaona kwa macho yake wazee waliokwenda benki na chakula cha mchana kwenye kibakuli.

Aliyewatoa shimoni ni Mauwa. Jirani alifiwa wakati wa masika, mikeka ikalowa, Mauwa akatoa mabenchi bila kumuuliza mumewe. Juma lililofuata wakaja wa harusi. Kisha wakaja wa Kiwalani, hao wakiwa na pesa ya kukodi mkononi.

"Watu hawaishi kufa wala kuoana," alisema Mauwa. "Wewe endelea kununa, mie nanunua unga."

Mwishehe akaacha kununa. Herufi hakuziranda, maana egemeo lingebaki jembamba, na yeye hakuwa fundi wa kuharibu mninga kwa hasira. Kwa hiyo nusu ya Temeke ikawa inalilia maiti wake juu ya jina la benki.

Siku moja ya 1996 alikuja dereva kutoka Kinondoni. Bosi wake, Projestus, amefiwa na mama. Watu wamejaa, viti hakuna.

"Mwambie yameisha," Mauwa alidakia. "Si anapenda kusimama? Asimame!"

Mwishehe akaanza kupakia. "Msiba haulipiziwi kisasi, mke wangu." Akapanda na yeye.

Kesho yake alirudi kutazama mali yake. Ilikuwa Jumanne, saa nne, benki zote ziko wazi. Mwili ulikuwa bado unasubiri ndege ya Bukoba. Projestus alikuwa kwenye benchi la mwisho uani, bila tai, ndevu zimeanza kuota, amegeuka upande, kidole kinafuatisha zile herufi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

Projestus alisogea. Mwishehe akaketi pembeni yake. Watu waliingia, wakatoa pole, wakatafuta pa kukaa, wakakaa. Hakuna aliyetazama saa.

Adhuhuri ilipokaribia, Mwishehe alikumbuka kabati la watu aliloliacha Keko bila milango. Akainuka, akakung'uta kanzu.

"Ngoja nikawahi kazi, baba."

Projestus alimshika mkono wa kanzu, macho chini.

"Kaa kidogo, mzee," alisema.

Mwishehe akakaa.