Maganda Yasiyo na Kishimo

Nilipomfuata mama mdogo Guangzhou, China, kazi yangu ilikuwa kuosha maganda ya risasi. Yalikuja na vyuma chakavu, meusi, kwenye karakana moja nyuma ya mtaa wa Yide Lu. Mwenye karakana, mama wa makamo tuliyemwita laoban, yaani bosi, aliyageuza kuwa vishika funguo. Mama mdogo aliviuza Dar es Salaam.

Niliyaloweka katika maji ya moto yenye siki na sabuni, nikayasuuza, nikayazungusha kwenye pipa lenye pumba za mpunga mpaka shaba ikarudia umanjano wake. Mwisho laoban aliyakausha kwenye kikaango juu ya jiko la gesi. Lakini kwanza kabisa ilibidi nitazame kitako cha kila ganda. Lililopigwa lina kishimo katikati. Lisilo nacho bado lina baruti kidogo pale kitakoni. Laoban alinifundisha kwa ishara: moto, "pa!", kisha akaziba jicho lake kwa kiganja.

Siku moja mama mdogo alikuja mbio, kontena lake linafungwa jioni. Nilikuwa nimeenda kuteka maji. Kumbe huku nyuma alimimina gunia zima la maganda kwenye beseni bila kutazama; niliporudi tukaendelea. Nusu yalikuwa tayari kikaangoni nilipochota mengine na kuona kitako laini, bila kishimo.

Nikaketi juu ya beseni ili lisichotwe ganda jingine.

"Umeamua kutaga?" mama mdogo akauliza. "Inuka, mwanangu, meli hainisubiri mimi."

Laoban alikuwa ameinamia kikaango, anageuza maganda kwa kijiko.

"Halijapigwa," nikasema.

"Nini?"

"Hili halijapigwa, mama. Na yale ya motoni hatukuyatazama."

Mama mdogo aliacha kucheka. Alimvuta laoban kwa mkanda wa aproni, nami nikafunga gesi kwenye mtungi. Laoban alifoka mpaka nilipomwonyesha kile kitako. Akatusukuma wote nje.

Tulichuchumaa uchochoroni mpaka kikaango kikapoa, kisha tukatazama ganda moja moja. Kikaangoni yalikuwemo mawili yasiyo na kishimo.

Kontena liliondoka bila vishika funguo. Mama mdogo alinuna njia nzima hadi mtaa wa Huanshi Zhonglu. Tulipoketi kula, alinisogezea kipande chake cha kuku.

"Siku nyingine piga kelele," akasema. "Hata kama aliyekosea ni mimi."