Siku Niliposema Nafula Ana Kwao

Wewe uliyekula viazi vya kuchoma kwa jivu pale Kabazi, ukafuta mikono kwa kaptula, tuko rika moja, kwa hivyo utanielewa hata ukinilaumu. Kwetu mtoto hakupewa jina la kupendeza masikio. Alipewa jina la guka, yaani babu, ama la cucu, yaani nyanya. Baba yangu na ndugu zake wote waliita kifungua mimba Mwangi, kwa sababu baba yao alikuwa Mwangi. Cucu akisimama mlangoni kuita "Mwangi!" tuliitika watano kutoka kwa mpira wa makaratasi, na mwenye makosa ndiye alinyamaza. Baba alikuwa ananishika kichwa, kichwa chenyewe vumbi tupu, anawaambia wageni, "Huyu ni baba yangu amerudi." Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Watoto wa watu pia waliishi kwetu, wengine mpaka wakaota ndevu. Walikula githeri yetu, wakachunga mbuzi zetu, wakachapwa na mama kama sisi. Lakini mgeni akiuliza watoto ni wangapi, mama aliwaonyesha kwa kidevu akasema, "Hawa wana kwao." Hakuna aliyeona ubaya. Leo nikijaribu kukumbuka nyuso zao sizipati. Nakumbuka tu walikuwa wanaangalia chini.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Niliuza misumari kwa mkokoteni Nakuru mpaka nikafungua duka langu, na sijampigia mtu magoti. Mwaka wa 2007, kabla ya siasa kupamba moto, nilienda China kutafuta pampu za maji. Mke wangu, Mama Karanja, akasema haendi bila Nafula. Nafula alikuwa wa miaka tisa. Mama yake alikuwa mwuzaji wangu dukani mpaka alipofariki, na korti ilikuwa imetukabidhi mtoto awe wetu miezi miwili tu kabla ya safari. Hata pasipoti yake ilikuwa na jina langu. Ndani ya ndege ndipo aliniita baba mara ya kwanza. "Baba, ona, mawingu yako chini yetu!" Nikajifanya nimelala, kwa haya.

Kijana wa kututembeza aliitwa Li. Alikuwa amesomea Kiswahili, na kilikuwa kisafi mpaka changu kikaona aibu. Asubuhi alitupeleka bustanini tukaona wazee wakicheza densi hadharani, wazee wa umri wangu, bila hata tone la pombe. Nafula akaingia katikati yao. Alijifunza kila kitu haraka: kugonga meza kwa vidole viwili ukimiminiwa chai, ndiyo asante yao, na kumpa mtu kitu kwa mikono miwili. Mimi niligonga meza kwa ngumi, kikombe kikaruka, akacheka mpaka akashika tumbo.

Siku ya nne tukaenda kuona jumba la ukoo mmoja, mbao za majina ya wafu zimepangwa mpaka juu. Li akatueleza kwamba kwao kuna kitabu cha ukoo, na mtoto aliyechukuliwa akalelewa huandikwa humo pia. Nilisikia vizuri. Siwezi kusema sikusikia.

Mlangoni palikuwa na mzee wa brashi na wino, anaandika majina ya familia kwa karatasi nyekundu. Nikataja kwa sauti: mimi, mke wangu, na watoto wetu Karanja, Njoroge, Wambui. Mzee akaandika, kisha akamwangalia Nafula, brashi ikiwa hewani.

"Na huyu binti yako, Bwana?" Li akauliza.

Jina la Nafula halikuwa la mtu wetu yeyote. Hakuna marehemu wa kwetu aliyerudi kwa jina hilo. Nikajibu bila kufikiri, kwa mdomo wa mama yangu: "Huyu ana kwao."

"Baba Karanja!" mke wangu akasema. "Wewe ni mtu wa aina gani? Ongeza jina!"

Lilikuwa neno moja tu la kuongeza. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi si mtu wa kurekebishwa mbele ya watu. Nikakunja karatasi, wino bado mbichi.

Nafula hakulia. Alinyoosha mikono miwili. "Nikubebee, mzee?"

Mzee. Vile mtu yeyote ananiita pale stendi.

Januari ikafika na moto wake wa baada ya uchaguzi. Vijana wakaja kwa geti langu na rungu, wanauliza majina ya walio ndani ili wajue kabila. Walipofika kwa jina la Nafula nikasimama mbele yake, nikapaza sauti majirani wakasikia: "Huyu ni binti yangu! Mtapita juu yangu kwanza!" Wakaenda. Nikageuka, nikingoja lile neno la kwenye ndege.

"Asante, mzee," akasema, kwa adabu kabisa.

Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Olkaria. Juzi alikuja na wenzake, vijana wa suruali zilizoraruka magotini, wanaitana "family" na wamejuana wiki mbili. Enzi zetu ungetaja guka wako na guka wa guka kabla mtu akuite hivyo. Nilitaka kuwacheka, lakini meno yalikataa kutoka. Hao wanagawa bure kitu ambacho mimi nilimnyima mtoto mmoja.

Nafula akanishika bega, akawaambia, "Huyu ndiye mzee alinilea."

Alisema kwa heshima, na hakuna uongo hapo.