Fundi wa Mbuzi

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na huo ndio ulioniokoa na jembe. Kijiji chetu cha ujamaa, kule karibu na mdomo wa Ruvuma, kilikuwa na shamba la pamoja la mihogo ambalo sikuwahi kuuona mwisho wake, na kila mwenye mikono alilima. Mimi nilikuwa katibu wa karakana. Nilikaa kivulini, nikaandika.

Karakana ilitengeneza mbuzi za kukunia nazi. Tulianza na mafundi wawili, mambo yakatunyookea, vijiji vya jirani vikaagiza, na duka la ushirika la Mtwara mjini likataka mzigo. Tukavimba vichwa. Halafu mbuzi zikaanza kurudi. Wanawake walizileta kichwani, wakazibwaga mlangoni pangu bila salamu. Zinaanguka, walisema, ukikuna kidogo tu, unajikuta chini na nazi kifuani. Mafundi wetu wakazipanda palepale, wakajitikisa juu yake, hazikuanguka. Nikawaambia wale akina mama kwamba hawajui kukaa. Leo naona haya, lakini ndivyo nilivyosema.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. "Ndugu katibu, tafuta fundi mwenye akili. Zikirudi tena nafunga karakana, na jembe lako liko stoo linakungoja."

Nikaandika tangazo kwa ufundi wangu wote: ANATAKIWA FUNDI WA MBUZI. Moja nikalibandika ofisi ya kijiji, jingine likapelekwa Rahaleo, Mtwara mjini.

Siku ya usaili walikuja watatu mbele ya kamati ya kijiji. Wa kwanza alikuwa mchongaji, mtu wa ng'ambo ya mto aliyehamia kwetu. Alileta mbuzi aliyoichonga kichwa cha mbuzi hasa, na ndevu, na pembe mbili zimesimama papo hapo pa kukalia. Tuliisifu sana. Hakuna aliyejitolea kukaa. Wa pili alisomea ufundi, akaja na rula na karatasi ya mchoro. Nilipomuuliza ataanza lini, alisema kwanza tukubaliane kuhusu pembe. Nikadhani anamsema mchongaji.

Wa tatu alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba wa mizizi na kamba begani.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Mgonjwa gani?"

"Mbuzi. Si mmeandika fundi wa mbuzi? Ndiye mimi. Nawatibu tangu sijaota ndevu."

Kamati ikaangua kicheko. Mimi nilipandwa na hasira. Nikamweleza kwamba mbuzi hii si mbuzi yule. Akanijibu kwa upole kwamba kwenye tangazo sikuandika hii wala yule. Mwenyekiti akanitazama. Nikakamata mojawapo ya zile zilizorudishwa, nikaitua mbele yake. "Haya, mtibu!"

Akachuchumaa, akaipapasa miguu, ya mbele na ya nyuma. "Anaanguka?"

"Anaanguka," nikasema. Alikuwa ameshaniharibia sarufi.

"Kushoto au kulia?"

Sikujua.

"Akiwa anafanywa nini?"

Sikujua pia.

"Kwani mwenye mbuzi ni wewe?"

"Mimi ni katibu."

"Basi niitieni mwenyewe. Mbuzi hasemi, bwana. Anayesema ni anayekaa naye."

Aliyekuwa karibu ni mke wangu, amekuja kurudisha ya kwetu. Akaombwa akune. Akakaa kama wanawake wote wanavyokaa, kiubavu, miguu yote upande mmoja, kanga imembana magoti. Akasukuma nazi mara tatu, mbuzi ikainua miguu, naye akaenda chini.

Mafundi wetu walikuwa wamezipanda kama baiskeli. Tulikula wali wa nazi tangu kuzaliwa, wanaume wazima, na hatukuwahi kutazama unapatikanaje.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema mke wangu akijipangusa nazi iliyokunwa. Alikuwa akinitazama mimi.

Yule mganga wa mbuzi akasema ugonjwa ameuona: miguu iachane zaidi, na kiti kipanuliwe ubavuni. Akaajiriwa palepale, mchongaji na mwenye rula wakawekwa chini yake. Alitoa sharti moja tu. Mbuzi isitoke karakana kabla mtu wa ofisi hajaikalia kiubavu, amejifunga kanga, akakuna nazi nzima. Mtu wa ofisi alikuwa mmoja.

Hazikurudi tena. Karakana haikufungwa, na jembe langu lilibaki stoo. Ila wanawake walipopata habari walianza kupanga foleni mlangoni kwangu asubuhi, kila mmoja na nazi yake. "Shikamoo katibu, jaribia na hii." Mke wangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, siku zote. Ikifika saa sita, mabega yakiniwaka moto na kanga imenibana magoti, niliwaona wenzangu wakirudi kutoka shamba la mihogo, majembe begani, wakicheka. Niliwaonea wivu.